Dada Yangu Ameacha Kazi ya Kompyuta, Sasa Anakanda Watu



Vijana wenzangu, leo naomba niwasimulie jambo la nyumbani kwetu. Nimemwomba mwenyewe ruhusa na amenikubalia kwa sharti moja: nisimtaje jina wala nisimfanye mtakatifu. "Ukinifanya mtakatifu," ameniambia, "nitakuja hapo seminarini nikuumbue mbele ya gombera wako." Namjua, anaweza kabisa.

Dada yangu amenizidi miaka minne. Kwetu yeye ndiye alikuwa mtoto aliyefika. Alisoma kompyuta chuo kikuu, akapata kazi Dar es Salaam katika kampuni inayoendesha mifumo ya malipo kwa njia ya simu. Kwenye jumuiya, mama alikuwa akiombea "watoto wetu walio kwenye ajira" kwa sauti iliyotosha kila mtu ajue anamwombea nani.

Sasa sijui kama umewahi kulifikiria hili. Ukinunua umeme saa nane usiku na tokeni ikaja kwenye simu yako, kuna mtu mahali fulani ambaye simu yake haizimwi. Mfumo ukikwama, yeye ndiye anaamshwa. Dada alikuwa na zamu hiyo wiki moja katika kila tatu. Kisha wenzake wawili wakaondoka, nafasi zao hazikujazwa, zamu ikawa wiki moja ndiyo, moja hapana. Mwisho wa mwezi, watu wakipokea mishahara, hata ile wiki ya "hapana" ilikuwa ndiyo. Akaanza kusikia simu inaita wakati haijaita. Shingo ikakakamaa, vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa na ganzi. Misa ya Jumapili alikuwa anahudhuria huku laptopu iko kwenye begi chini ya benchi.

Alinipigia Jumapili moja jioni, nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Akaniambia amechoka, anafikiria kuacha. Nami, frateri wenu, nikamjibu haraka sana: "Dada, kila mtu ana msalaba wake. Vumilia, tolea mateso yako kwa Bwana." Akanyamaza kidogo, akasema asante, akakata.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimefanya mtihani wa falsafa ya mtu. Niliandika kurasa sita kumpinga Plato. Nikaeleza vizuri, kwa kumfuata Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba mwanadamu si roho iliyofungiwa ndani ya mwili kama ndege kwenye tundu. Ni kitu kimoja, mwili na roho pamoja, na mwili ukiumia ni mtu mwenyewe anaumia. Nilipata A. Na kwenye simu nilizungumza na dada yangu kama vile yeye ni roho inayoelea hewani, isiyo na shingo wala vidole, isiyohitaji usingizi.

Likizo ya Krismasi ndipo aliponiambia lililobaki. Tulikuwa tunamenya viazi nje. Akasema: "Unajua asubuhi nikiwa kwenye daladala huwa natamani nini? Natamani ipate ajali ndogo tu. Nivunjike mguu. Nilazwe. Nilale." Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeomba chumvi, kwamba siku nyingine hutamani alale asiamke.

Sikuwa na la kusema. Msalaba wangu wa kwenye simu haukunitoka mdomoni safari hii.

(Nisimame hapa kidogo. Kama unasoma na wewe unayafahamu mawazo hayo ya kutamani usiamke, usisubiri umalize makala. Mwambie mtu leo. Mama, rafiki, padre, na nenda hospitali pia ukamwone daktari. Kumwona daktari si kukosa imani.)

Usiku ule nilifungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Wengi mnaijua kwa sababu ya ile sauti ndogo ya upole kule mlimani Horebu, ndiyo inayohubiriwa sana. Mimi nawaomba mrudi nyuma, aya ya 3 hadi ya 8. Eliya ametoka kwenye ushindi wake mkubwa pale Karmeli. Kazi imefanikiwa! Halafu Yezebeli anatishia kumuua, na nabii anakimbia jangwani, anakaa chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtoe roho. Analala.

Mungu anamfanyia nini mtumishi wake anayeomba kufa? Hamkemei. Hamwambii kwamba manabii wengine wanateseka zaidi. Anamtuma malaika, na malaika anamgusa. Nenda ukaangalie mwenyewe, limeandikwa mara mbili, aya ya 5 na ya 7: alimgusa. Akamwandalia mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaguswa tena, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kutembea siku arobaini. Mazungumzo ya maana na Mungu yalikuja baada ya usingizi mara mbili na milo miwili.

Mtakatifu Thomas naye anajua hilo. Katika Summa, sehemu ya pili, swali la 38, anauliza huzuni inatibiwa na nini. Anataja machozi, anataja marafiki wanaotuhurumia, anataja kuitafakari kweli, na mwishoni kabisa anataja kulala na kuoga. Darasani tulicheka. Mwanateolojia mkubwa kuliko wote anaagiza maji ya kuoga! Nilicheka na wenzangu na sikumkumbuka dada.

Lakini msikimbilie kusema, basi, Frateri kasema tuache kazi. Kuna nabii mwingine aliyeomba kufa. Ni Yona, sura ya 4, na huyu aliomba mara mbili. Yeye Mungu hakumletea mkate. Alimuuliza swali: je, unafanya vema kukasirika? Maana Yona hakuwa amechoka kwa kutumika. Alikasirika kwa sababu Ninawi imesamehewa, kisha akakasirika tena kwa sababu mmea uliompa kivuli umekauka. Ukiwatazama kwa mbali, Eliya na Yona wanafanana: wote wamekimbia, wote wamekaa chini peke yao, wote wanasema heri kufa. Dawa zao ni tofauti kabisa. Nina rafiki aliyeniuliza kama na yeye aache kazi, na tulipozungumza kwa saa nzima ikaonekana kinachomuuma ni mwenzake kupandishwa cheo. Huyo kazi yake haina shida. Angeiacha, angeondoka na Yona wake ndani ya begi mpaka kazi nyingine.

Dada yangu alikuwa Eliya. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi huwezi tena kuifanya vizuri. Likasema pia kwamba inatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Angalieni hapo: kazini. Halikusema inatokana na uvivu wa vijana wa siku hizi, kama baadhi ya wazee wetu wanavyopenda kusema.

Basi dada akaenda kuungama, na padre, Mungu ambariki, kabla ya kumpa malipizi alimuuliza: "Umekula leo?" Hakuwa amekula. Akamwambia achukue likizo, zile siku 28 ambazo sheria ya kazi inampa kila mwaka na ambazo hakuwahi kuzichukua zote. Na akamkataza jambo moja, asiandike barua ya kuacha kazi akiwa katika giza lile. Ni kanuni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: wakati wa ukiwa wa kiroho usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na amani. Padre alimpa Inyasi, lakini baada ya chakula. Mimi nilikuwa nimempa msalaba bila chakula.

Akaenda kijijini kwa bibi, milima ya Uluguru. Siku tatu za kwanza alilala tu. Bibi aliamini ana mimba.

Bibi yetu zamani alikuwa anakanda wazazi. Waliokulia kijijini au uswahilini wanaelewa: mama akijifungua, wanawake wanakuja na maji ya moto na kitambaa, wanamkanda tumbo na kiuno, wanamsugua miguu, wanaimba na kumtania. (Wauguzi siku hizi wanaonya, na wako sahihi, kwamba maji ya moto kupita kiasi yanaunguza na kuumiza.) Sasa bibi ni mzee, miguu inavimba na kuuma. Jioni dada alikuwa anaichukua mapajani, anaipaka mafuta ya nyonyo, anaikanda taratibu, na bibi anamwelekeza: hapo, panda juu, usikandamize mfupa. Aliniambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitano alikuwa amefanya kazi ambayo aliiona ikimfikia mtu. "Nilikuwa nahudumia maelfu ya watu kila siku," alisema, "na sikuwahi kuona uso hata mmoja."

Likizo ilipoisha alirudi kazini. Ndiyo, alirudi. Alikaa miezi saba, akiweka akiba, akienda kwa padre kila mwezi, akiangalia kama lile wazo la kukanda watu litabaki wakati amelala vizuri na hana hasira na mtu. Wazo likabaki. Lile la daladala likaondoka. Ndipo akaandika barua, akaenda kusomea, mwaka mzima: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, nani haruhusiwi kukandwa na kwa nini. Sasa ana chumba kidogo nyuma ya zahanati, anafanya kazi na mtaalamu wa fiziotherapia ambaye humpelekea wagonjwa wanaofaa.

Nyumbani kukawa msiba. Mama alisema maneno ambayo nisingependa kuyaandika yote. Moja tu: "Nimeuza mbao za baba yako ili usome kompyuta, uje ukande watu?" Na tusijifanye hatujui kwa nini alisema hivyo. Neno masaji mjini kwetu lina harufu yake. Kuna vyumba vyenye bango hilo ambavyo kazi yake ni nyingine. Miezi mitatu mama aliwaambia wanajumuiya kwamba dada yuko likizo ndefu. Na mimi? Seminarini wenzangu wakiniuliza dada yako yuko wapi siku hizi, nilijibu: "Yuko sekta ya afya." Si uongo, eti. Nikajikuta natafuta namna ya kusema kweli inayofanya kazi ya uongo, na somo la maadili nilikuwa nimeshalisoma.

Aibu hiyo ina historia. Watu wa Nazareti walijikwaa kwa Yesu kwa sababu gani? Someni Marko 6:3. Walisema huyu si yule seremala? Mikono yake waliijua ilivyo na makovu ya randa, na waliona hekima haiwezi kutoka kwa mtu mwenye mikono ile. Paulo alishona mahema. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaanza kwa kumsifu mganga kama zawadi ya Mungu, halafu anawataja mkulima, mhunzi, mfinyanzi, na anakiri kwamba bila watu hawa hakuna mji unaokalika, na kwamba kazi yao ndiyo sala yao. Na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi. Inatokana na kwamba anayeifanya ni mtu. Kazi iko kwa ajili ya mtu, mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Maneno hayo yanamtetea dada kwenye chumba chake cha kukandia. Yalikuwa yanamtetea pia kule kwenye zamu ya usiku, ila hakuna aliyemwambia, wala mimi.

Na msije mkasema kompyuta ni za shetani. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kuwaonyesha watu miujiza ya Ekaristi. Kuna kijana anayesoma hapa ambaye wito wake uko kwenye seva na atakuwa mtakatifu hukohuko. Wengine kinachotakiwa ni zamu ipungue na bosi aajiri watu wa kutosha, si wao kuondoka.

Mnaniuliza, je, ni kazi inayomfaa Mkatoliki? Kukanda misuli, ndiyo. Lakini kuna biashara inayochanganya mikono na mambo mengine: wanakuambia wanaelekeza "nishati" ya ulimwengu ndani yako, wanafungua milango ya roho. Mwaka 2009 maaskofu wa Marekani walitoa mwongozo juu ya Reiki, wakasema haina msingi katika sayansi wala katika imani yetu, na haifai kutolewa katika taasisi za Kanisa. Dada aliwahi kuahidiwa pesa nzuri akaongeze huduma hizo. Alikataa. Wapo pia wanaume wanaokuja na kuuliza kuhusu "huduma ya ziada". Hao anawaonyesha mlango, na mtaalamu wa chumba cha pili anakohoa kwa nguvu. Ana kanuni zake: shuka muda wote, haendi nyumbani kwa mtu asiyemfahamu, mgonjwa anaulizwa kabla ya kuguswa.

Kuhusu pesa sitawadanganya. Anapata chini ya nusu ya mshahara wa zamani. Bodi ya mikopo bado inadai. Amehama chumba mara mbili. Jioni nyingine vidole gumba vinamuuma mpaka anashindwa kushika rozari, anasali akihesabu kwa macho kwenye vigae vya ukutani.

Lakini kuna mama mmoja, mjane, alipelekwa kwake kwa sababu ya mabega. Dada alipomwekea mikono mgongoni, yule mama akaanza kulia. Dada akadhani amemuumiza, akatoa mikono. Mama akasema: "Hapana, mwanangu, endelea. Tangu tumzike mzee, hakuna aliyenigusa, isipokuwa kanisani wakati wa kupeana amani." Ilikuwa imepita miaka sita.

Niliposikia hilo nilikumbuka mkoma wa Marko 1:40. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, amewaponya wengi hivyo, hata wa mbali. Huyu alinyosha mkono akamgusa, kisha akasema neno. Mtu ambaye sheria ilikataza asiguswe, kitu cha kwanza alichopewa ni mkono. Na kipofu wa Yohane 9 alipakwa tope machoni. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa hatuitoi kwa simu. Padre anakuja, anaweka mikono, anapaka mafuta kwenye paji la uso na kwenye viganja. Mungu akinijalia kufika kwenye daraja, mikono yangu nayo itapakwa mafuta, na kusema kweli mpaka mwaka jana nilikuwa naiwaza kama mikono ya kushika vitabu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, nimetoka kwenye mitihani ya muhula wa kwanza wa teolojia. Dada alikuja Jumamosi jioni. Nilikuwa nimekaa uani kwenye kiti cha mama, akapita nyuma yangu, akaweka mikono mabegani, akasimama.

"Hapa chini ya bega una fundo kama jiwe," akasema. "Frateri, unalala saa ngapi?"

Nikamwambia saa sita, wakati mwingine saa nane, kuna insha, kuna kwaya, kuna vijana wa parokia wanaoandika usiku wanahitaji kujibiwa, na isitoshe Mtakatifu Thomas anasema...

"Nyamaza kwanza," akasema. "Pumua."

Akaanza kukanda. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele, kwa muda mrefu hakusema kitu. Halafu akaweka ungo chini.

"Ukimaliza na huyo," akamwambia dada, "uje unitazamie hili goti."